Maji ya Mchungaji

Marehemu alikutwa amekaa. Jambo hilo lilimkera Inspekta Roswitha Vossen tangu jana, na Jumatatu hii asubuhi lilimkera zaidi, maana alikuwa amesimama juu ya banio lenyewe, ukuta wa mbao unaofunga kijito, na haoni mtu angekaaje pale. Kijito cha Grelbach kilikuwa kimejaa nyuma ya mbao hadi juu kabisa. Angeshuka yeye mwenyewe, maji yangempita utosi.

Lakini picha zilizopigwa jana zilionyesha kitu kingine. Ewald Kniep, mwenye kinu wa mwisho wa kijiji cha Grelhausen, alikuwa amekaa kwenye tope, mgongo umeegemea mbao za banio, mguu wa kulia umenasa kati ya magogo mawili ya msingi. Maji yalimfika kifuani. Daktari wa maiti alikuwa ameshasema: kisogoni kuna jeraha dogo ambalo lisingemwua hata kuku, na mapafu yamejaa maji.

"Mtu mzima amekaa, maji kifuani, na amekufa maji," Vossen alisema. "Konstebo, wewe hilo linakuingia akilini?"

Konstebo Lothar Quast alizaliwa Grelhausen, akalelewa Grelhausen, na tangu jana alikuwa anamjibu mwanamke huyu wa mjini kwa kuangalia pembeni. Alisema linamwingia vizuri sana. Yule binti alimkandamiza kichwa. Kijiji kizima kinajua, bado afande peke yake.

Yule binti ni Jorinde Pauly, mtaalamu wa samaki aliyetumwa na chama cha kuhifadhi mito. Mwaka mzima alikuwa akizunguka kandokando ya kijito na nyavu na vichupa vyake, akiwaambia watu kwamba banio livunjwe, maji yarudi njia yake ya zamani, samaki wapate kupanda. Angewaambia wauze makaburi ya babu zao wasingemchukia zaidi. Jumamosi alasiri, kwenye sherehe ya walenga shabaha, yeye na Kniep walitupiana maneno ndani ya hema la bia mbele ya watu wote, tena maneno ya nguoni. Asubuhi yake Kniep maiti. Kabla ya adhuhuri Jorinde yuko mahabusu mjini, na Grelhausen ikarudi kunywa.

Leo saa nane mchana angefikishwa kwa hakimu. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshampigia Vossen simu kumkumbusha kwamba hahitaji hadithi, anahitaji saini yake tu. Vossen aliijua kazi hii. Msichana akishawekwa rumande, faili linafungwa kwa kamba, na mambo yote yanayojulikana sasa yatageuka kuwa mambo ambayo hakuna aliyeyaangalia. Mauaji, kifungo cha maisha. Binti hajafika hata miaka thelathini.

Jana, chumba cha mahojiano, Jorinde hakulia. Alikuwa na hasira. Alisema ugomvi wa hemani ulikuwa wa kuigiza. Kniep alikuwa ameshakubali banio livunjwe, wamepeana mikono siku hiyo hiyo, ila alimwomba wagombane hadharani ili majirani wasimshtukie mpaka mashine zifike. "Nimekwambia ukweli na uso wako unaniambia huamini," alisema. "Basi usiniulize tena."

Vossen hakumwambia kama anaamini au haamini. Aliomba tu soda ya binti iletwe.

Sasa pale banioni alikuwa amefika mtu wa tatu, amesimama na baiskeli yake kwenye njia. Huyu ni Mzee Theodor Hasselbring, mtunza kanisa, jirani wa Kniep tangu utoto. Ndiye aliyemkuta marehemu Jumapili asubuhi alipokuwa anakwenda kufungua kanisa. Ndiye pia aliyesema kwamba Jumamosi jioni alimwona Jorinde akielekea huku. Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia hakuivua.

"Mzee Hasselbring," Vossen alimwita, "jana haya maji yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa chini."

"Na leo yako juu."

Quast akadakia kwamba huko milimani mvua ilinyesha. Vossen alipitisha kidole juu ya paa la gari lake, akamwonyesha vumbi. Mvua haijanyesha wilaya nzima tangu Pentekoste, na ng'ombe walikuwa wanalishwa majani ya akiba mwezi wa Julai.

"Kijito ni kama ng'ombe," mzee alisema. "Siku kinatoa, siku kinabana."

"Ng'ombe akibana maziwa, mzee, kuna mtu amemkamua kabla yako."

Hasselbring alivuta kofia mpaka machoni. Kisha akapanda baiskeli yake, akaenda zake bila kuaga.

Vossen aliamua kukifuata kijito kutoka juu. Kama maji yalipungua Jumapili na kurudi Jumatatu, basi mahali fulani mtu aliyazuia au aliyapoteza. Quast alisema mabuti yake hayafai kwa safari hiyo. Vossen akamwambia akae basi alinde banio lisikimbie.

Grelbach inaanza msituni chini ya mialoni, kwenye hori la jiwe lililopasuka, na pale juu ungeweza kuivuka bila kukunja suruali. Kutoka hapo inashuka kwenye mashimo ya kitani. Siku hizi ni mabonde tu yenye upupu, lakini zamani wanawake wa Grelhausen waliloweka humo mabua ya kitani mpaka yaoze ganda, na maji yaliyotoka yalinuka kiasi kwamba wa chini na wa juu walishikana mashati kila mwaka. Vossen aliingia shimo hadi shimo. Kingo zote zimebomoka. Hapo usingezuia hata maji ya kuoga.

Alipotoka kwenye mashimo alikuta trekta limeegeshwa katikati ya njia, mwenyewe amekaa juu yake anakula mkate. Vossen akamsalimu, akamwomba apishe. Yule bwana alitafuna tonge lake lote, akameza, akakata lingine. Vossen akapita kwenye michongoma, soksi zikararuka, na nyuma yake akasikia injini inawashwa na pipa la samadi ya maji linafunguliwa. Harufu ilimfuata mpaka kwenye kiwanda cha ngozi.

Kiwanda chenyewe kilikufa kabla hajazaliwa. Zimebaki kuta mbili na kinu cha kupondea magome ya mwaloni, magome ambayo rangi yake, wazee wanasema, iliwahi kuligeuza bwawa la Kniep kuwa la kahawia kama chai. Hapa ndipo watu wa kijiji walipookota buti la mpira la Jorinde na kulileta polisi kama vile wameleta kichwa cha simba. Na hapa Vossen alikuta jambo lililomkata maini: mbao mpya, nyeupe, zimepachikwa kuvuka kijito.

Alichuchumaa. Basi binti alikuwa ameziba maji. Angeweza kuyafunga Jumamosi akapunguza bwawa la chini, akamkuta Kniep, akafanya alichofanya. Mwendesha mashtaka angemkumbatia Vossen kwa furaha.

Akaziangalia tena mbao zile, safari hii kwa pua karibu. Juu zilikuwa kavu na buibui ametanda kutoka ukingo hadi ukingo, utando wa siku nyingi, na wadudu wakavu ndani yake. Katikati paliachwa pengo la kupita samaki, na pengoni pamefungwa waya wa kuwahesabia. Tope nyuma ya mbao lilikuwa laini, halijakanyagwa isipokuwa mahali pamoja ukingoni, kwenye tundu lenye umbo la buti. Vossen alitia mguu wake karibu na pale, ukazama hadi goti. Alipouvuta, kiatu kikabaki. Alikaa chini akakitafuta kwa mikono, akitukana polepole. Haikuwa ajabu tena kwamba binti aliacha buti hapo, na mbao zile zisingeweza kupunguza maji hata kiganja.

Chini ya kiwanda ni pale palipokuwa na nyundo ya chuma iliyokuwa ikiendeshwa na maji, halafu mahali pa kufulia, mawe bapa mawili yaliyolika katikati kwa mikono ya akina mama. Juu ya mawe hayo, kwenye ua wake, Bibi Adelheid Zumbusch alikuwa anaanika mashuka. Ni mjane, amenyooka kama ufagio, na ulimi wake uliogopwa kuliko mbwa wake. Mbwa alimrukia Vossen hadi mwisho wa mnyororo. Bibi aliendelea kuanika.

"Umepotea, mama?" aliuliza baadaye. "Au unatafuta samaki na wewe?"

Vossen alisema anatafuta mahali ambapo mtu angeweza kuzuia maji. Bibi Zumbusch akacheka kwa puani. Akasema watu wa mjini wanafungua bomba wanadhani maji hayana kwao. Yeye hapa alifua damu ya nguruwe kila Novemba kabla jua halijachomoza, kwa sababu baada ya jua maji yalikuwa ya mwenye ngozi, na baada ya mwenye ngozi ya mwenye nyundo. Huwezi kuzuia. Aliyezuia alivunjwa meno, na alivunjwa kwa haki.

"Na pale chini, kwenye banio?"

"Pale chini siku sita ni ya kinu. Kengele ya Jumamosi jioni ikilia, kinu kinasimama na maji ni ya mchungaji, yanamwagilia malisho ya kanisa, mpaka kengele ya Jumapili jioni. Ewald alipokuwa mdogo aligusa lango la kinu Jumamosi baada ya kengele, akachapwa na baba yake mbele ya watu, na Theo, huyu mtunza kanisa, akachapwa pamoja naye kwa kumwangalia tu. Mimi niliona. Tulikaa dawati moja sote watatu."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi mchungaji ananunua maziwa dukani," bibi alisema. "Mfereji wake umejaa tope miaka mingi. Lakini mtu wa rika letu mwamshe usingizini umwulize maji ya Jumamosi ya nani, atakujibu kabla hajafumbua macho. Haya, nenda. Shuka zangu zinashika harufu yako."

Vossen alinusa mkono wake. Bibi hakuwa anasingizia.

Alirudi chini akiwa na kiatu kimoja kilichojaa tope na swali moja. Juu hakuna pa kuzuia maji. Basi hayakuzuiwa, yalitolewa. Na banio lina milango miwili tu: wa kushoto unaokwenda kwenye gurudumu la kinu, na wa kulia ambao hakuna aliyeutaja katika taarifa hata moja ya polisi. Alipita upande wa kulia.

Malisho yote ya bonde lile yalikuwa yamekauka rangi ya mkate. Malisho ya kanisa, hapana. Kuanzia kwenye mfereji wa zamani hadi katikati, nyasi zilikuwa zimelala katika maji, na korongo mmoja wa kijivu alikuwa anatembea humo taratibu akiokota panya wa shambani waliokufa maji katika mashimo yao. Alikuwa ameshiba, hata hakuruka Vossen alipokaribia.

Vossen alimwita Quast. Akamwonyesha lango la kulia. Lilikuwa limefungwa, lakini kwenye ukungu wa kijani uliolifunika kulikuwa na mchubuko mpya, na kwenye skrubu yake ya chuma kutu ilikuwa imekwanguliwa mpaka chuma kinang'aa.

"Washa sigara," alimwambia.

"Afande?"

"Unavuta tangu asubuhi bila kuambiwa. Washa moja kwa amri."

Vossen akaenda lango la kushoto. Kniep alikuwa mtu wa kazi, kinu chake kilikufa lakini lango alilipaka grisi. Mpini ulizunguka kwa mkono mmoja. Maji yakavuma kuingia mferejini, na bwawa likaanza kushuka machoni pao, ubao baada ya ubao. Quast hajafika nusu ya sigara, ukatokea ule mstari wa tope ambao kwenye picha za jana ulikuwa sawa na kifua cha marehemu. Vossen akafunga. Walingoja bwawa lijae tena. Halafu akaenda lango la kulia, na huko ilibidi aning'inie kwenye mpini kwa mikono yote miwili ndipo ukakubali, ukilia kwa kutu. Maji yaliingia kwenye tope na mizizi ya mfereji wa mchungaji kwa kujinyonganyonga. Quast akawasha sigara nyingine, akaimaliza, akavuta ya pili, akavuta ya tatu. Bwawa lilikuwa limeshuka kiganja kimoja.

"Lango hili likiachwa wazi usiku kucha," Vossen alisema, "asubuhi maji yako wapi?"

Quast alivuta mkupuo wa mwisho.

"Kifuani, Konstebo. Kniep hakukandamizwa na mtu. Alikuwa amenasa mguu bwawa likiwa limejaa, na maji yalishuka akiwa ameshakufa. Jumamosi kuna mtu alilifungua lango hili. Jana mchana nyote mlipombeba marehemu lilikuwa bado wazi, maana maji yalikuwa chini. Leo asubuhi nimelikuta limefungwa. Jana jioni Jorinde Pauly alikuwa wapi?"

"Kwenye selo," Quast alisema.

"Nani alimfungia?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye shahidi wake."

Quast alitupa kichungi cha sigara majini, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamtazama usoni. Uso wake ulikuwa mwekundu, na haikuwa aibu peke yake. Alisema yule ni mzee. Amezika wazazi wake Quast, amezika kila mtu hapa. Binti ni kijana, ana mawakili, ana chama, atatoka tu hata akikaa miezi. Afande amwache mzee wa watu.

"Sijataja mzee yeyote," Vossen alisema. "Ulijua tangu lini?"

"Sikujua. Sikutaka kujua."

"Hilo utaliandika kwa mkono wako."

Alimpigia simu mwendesha mashtaka, akamweleza malango, kutu na korongo. Sauti ya upande wa pili ikauliza kwa ukali kama anatakiwa amweleze hakimu kwamba ndege ndiye shahidi. Kama si binti, ni nani? Hana jina, hana kitu. Vossen akasema jina atampa kabla ya saa nane, akakata.

Walimkuta Hasselbring makaburini, anasawazisha changarawe kwa reki kando ya makaburi ya ukoo wa Kniep. Hakuacha kazi. Quast alibaki getini.

Vossen alianza na maswali madogo. Aliuliza kengele ya Jumamosi nani anapiga siku hizi. Mzee akasema inajipiga, kwa umeme, tangu mchungaji aliyepita. Basi kengele ilipolia yeye hakuwa na sababu ya kuwa kanisani? Hakuwa nayo. Alikuwa wapi? Sherehe. Nani alimwona sherehe? Reki ikapita, ikarudi.

"Onyesha viganja, mzee."

"Vya nini?"

"Skrubu ya lango la kulia imenichubua mimi leo. Wewe imekuchubua mara mbili, Jumamosi na jana."

Hakuonyesha. Lakini aliacha kupiga reki, akaishika kwa namna ambayo viganja havikuonekana, na wote wawili wakajua.

"Hii ni ardhi ya kanisa," alisema. "Toka."

"Ewald alikwambia ameshapeana mkono na yule msichana."

Hapo mzee aliwaka. Hakupandisha sauti, ila maneno yalimtoka yamebanwa meno. Alisema mfereji ule ulichimbwa kwa koleo na watu ambao majina yao yako hapa chini ya miguu ya huyu mama asiye na adabu. Maji yale yalilowesha kitani chao, yaliivisha ngozi zao, yalisaga shayiri yao, yalipiga chuma chao, kila tone lilikuwa na mwenyewe na saa yake. Halafu Ewald, mwenye kinu, mtoto wa mwenye kinu, anasimama juu ya banio na koti lake la sherehe, amelewa, anamwambia acha maji yaende zake, Theo. Yaende zake! Kama mbwa wa mtu wa kupita.

"Ukamsukuma."

"Nilimshika ukosi. Nikamwachia."

"Akaanguka upande wa bwawa, mguu ukanasa."

"Alikuwa anacheka mwanzoni," Hasselbring alisema. "Maji yalikuwa yanamfika hapa." Akagusa chini ya pua. "Ilibidi ainue uso. Nilimvuta, sikuweza. Nikamwambia ngoja, nashusha maji."

"Hukuita mtu?"

"Matarumbeta yalikuwa yanapigwa. Nani angesikia?" Alisukuma changarawe kwa kiatu. "Na ningemwambia nini?"

Vossen alimwacha aendelee. Mzee aliegemea reki yake, akasema alizungusha lango mpaka mikono ikatoka damu, na maji hayakushuka, hayakushuka, na aliporudi kutazama Ewald alikuwa hachekei kitu tena. Akaenda nyumbani. Akaliacha wazi.

"Na jana jioni?"

"Kengele ililia. Nikaenda kufunga."

Alilisema hivi hivi, kama mtu anayesema alilisha kuku. Vossen aliuliza kuhusu Jorinde. Mzee akasema yule ndiye aliyeanza. Bila yeye Ewald angekuwa hai. Akae huko huko, anastahili, na wala hajutii kusema alimwona. Hakukuwa na huruma hata punje katika sauti yake, na Vossen, aliyekuwa amekaa na wauaji wengi kuliko mtunza kanisa yeyote, alihisi hamu ya kumchapa kibao. Badala yake alimwuliza swali lililokuwa limebaki.

"Lango la kinu lilikuwa karibu na mkono wako. Lina grisi. Kwa nini ulikwenda la kulia?"

Hasselbring alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuingia kanisani uchi.

"Ilikuwa Jumamosi," alisema. "Kengele ilikuwa imeshalia."

"La kushoto nimelijaribu leo. Konstebo hajamaliza nusu ya sigara, maji yalikuwa kifuani."

Mzee alifungua mdomo ajibu. Vossen aliona macho yake yakienda pembeni, kwenye changarawe, yakitafuta kitu, na aliona wakati yalipokipata. Reki ikamtoka mkononi. Jambo hilo hakuwa amelifikiria, si Jumamosi, si jana, si usiku wote wa katikati. Mazoea yana taabu.

Kule juu mnarani mtambo ulikwaruza, na kengele ya adhuhuri ikaanza kulia yenyewe. Quast alikuja kutoka getini, akasimama nyuma ya mzee, pingu mkononi, hajui aanze vipi. Vossen alikuwa ameshatoa simu kumpigia mwendesha mashtaka. Hasselbring alingoja mpaka kengele ilipokwisha kabisa. Ndipo akasema, si kwa Vossen wala kwa Quast, bali kuelekea lile jiwe la akina Kniep:

"Alikuwa anapiga kelele, 'Kushoto, Theo. Kushoto.' Nilidhani pombe. Nikamwambia, leo si siku yako."